Mama Mkwe Wangu Ametia Moshi Pilipili ya Ulaya

Mpendwa Mama Ishema,

Naomba msaada wako kabla sijapoteza watu wawili ninaowapenda, na tafadhali usiichape barua hii kwanza, kwa sababu gazeti lenu linafika hapa Base Camp na likifika watu wanasomeana kwa sauti pale madukani, nami bado sijajua niseme nini na nimwambie nani.

Jina langu ni Eliane, ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, upande wa Fizi, na niko hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tangu mtoto wangu wa kwanza, Ushindi, alipokuwa wa kubebwa mgongoni, na sasa anasoma. Mume wangu Byamungu ni fundi wa kujenga, anafanya kazi Mbarara na anarudi Jumamosi, kwa hiyo siku zingine zote nyumba yetu ni mimi, watoto na mama yake, na huyo mama yake ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mama Ishema, nataka umjue kwanza ndipo uelewe kwa nini jambo la pilipili linanitoa machozi. Tulipokimbia nilikuwa nimetoka kujifungua na nina homa, na ni yeye aliyembeba Ushindi njia yote, akanishika na mimi mkono, na tulipofika Kabazana, pale wakimbizi wanapongoja kuandikishwa na kupewa kiwanja, alikuwa analala mlangoni ili upepo umpige yeye usitupige sisi. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo, sikujua maana ya kuulizwa "umekula?" mpaka nilipoolewa, na hata leo nikichelewa mkutanoni nakuta ameniwekea bugali imefunikwa, na ukoko wake kando, kwa sababu anajua napenda ukoko. Macho yake yamepungua nguvu na magoti yanamsumbua, mume wangu akamkataza kulima, basi akawa anakaa uani anaangalia kuku na kuhesabu watu waliokufa, maana yake anataja majina ya ndugu zake mmoja mmoja, mpaka pilipili ilipokuja ndipo akachangamka.

Hii pilipili ni ile ndogo nyekundu, kali kabisa. Tuko kikundi cha wakulima, wengi wetu wanawake wa Kongo na wachache wa Burundi, kila mtu analima kwenye kipande chake na kukausha kwake, halafu tunapeleka yote kwenye depo moja hapa Base Camp, tunachagua, tunachanganya, na gari linapeleka Mbarara kwa mama mmoja Mnyankole anayeitwa Constance, mwenye ghala dogo mtaa wa Nyamityobora, yeye ndiye anayetuuzia Ulaya, kwa mnunuzi wa Ubelgiji. Constance alitueleza tangu mwanzo kwamba huko sokoni kuna wakulima wakubwa wa nchi nyingine wenye mashine za kukaushia na makontena yao wenyewe, na kwamba sisi wadogo hatuwezi kuwashinda kwa wingi wala kwa bei, tunaweza kuwashinda kwa usafi tu, kwamba pilipili yetu imechumwa kwa mkono, imekaushwa kwa jua juu ya kichanja cha wavu, haijagusa udongo, haijagusa dawa, haijagusa moto. Tulifundishwa hayo yote, na mimi nilifundishwa zaidi, kwa sababu nilimaliza sekondari, nikachaguliwa niwe mtu wa kukagua magunia pale depo kabla hayajafungwa.

Mzigo wa kwanza ulikuwa mdogo na ulipita vizuri. Wa pili ulikuwa mkubwa, tukatuma kwanza sampuli kama walivyotaka, na sampuli ikakataliwa. Maabara ya huko ilikuta moshi ndani ya pilipili, wana sheria kali juu ya moshi, na mnunuzi akasema atatupa nafasi moja tu ya kutuma sampuli nyingine.

Constance akaja mwenyewe. Akatuita wote pale depo, akatumwagia pilipili kwenye karatasi nyeupe, akatutoa nje kwenye upepo tunuse mmoja mmoja.

"Nyinyi wamama," akasema, "mimi hapana kuja kupigana. Lakini hii kitu nanuka moshi, banange, jamani! Pua zenu nazoea moshi ya jikoni, ndiyo maana hapana sikia. Mzungu nasikia. Mimi iko na jina moja tu kule Ulaya, ikiharibika, nyinyi na mimi wote tunarudi kuuza kwa debe. Nani nakausha kwa moto?"

Nakuapia Mama Ishema, saa ile na mimi sikujua, niliangalia wenzangu kama walivyoniangalia. Halafu mwenyekiti wetu, Elisée, akasema, "Hapa ni nani anachoma samaki?" na macho ya watu wote yakaenda kwa Cansilde.

Cansilde ni Mrundi, mjane, anapata samaki wa ziwani na kuwakausha kwa moshi kisha anawauza sokoni. Akasimama akasema, "Samaki wangu nawakaushia kule chini karibu na ziwa. Pilipili yangu nakausha uani kwa kanisa, Padri mwenyewe anaiona. Hivi vitu viwili havijawahi kukutana." Hakuna aliyemsikiliza. Mwanamke mmoja nyuma akasema batu ba Burundi wanatuharibia kila fasi, kila mahali, na Elisée hakumkemea, akasema tu kwamba Cansilde akae nje ya kikundi mpaka mkutano wa Alhamisi ya wiki ijayo, ndipo tutapiga kura ya kumtoa kabisa. Cansilde akachukua kikapu chake akaondoka bila kuaga, na yeye ni mtu anayeaga hata kuku.

Nilirudi nyumbani mawingu yameshajaa, nikakimbia kwenda kufunika pilipili yangu, nikakuta kichanja kitupu. Nikasikia mtu anaimba jikoni. Nikaingia, nikamkuta mama mkwe wangu amepanda juu ya kigoda na magoti yake mabaya yale, anatandaza pilipili yangu juu ya kile kichanja cha juu ya mafiga, tunapowekaga mahindi, na moto unawaka chini yake.

Akageuka akacheka. "Weye unashinda mu mikutano," akasema, "na mvua haikungojake! Kila ikitaka kunyesha mi naleta hapa ndani, inapata joto, ikiisha narudisha kule inje. Weye ulikuwa unafikiri ni jua tu inakusaidia? Pilipili yako inaenda Ulaya, na mimi nimetiamo mukono yangu."

Mama Ishema, alikuwa amefurahi kama msichana. Na mvua za msimu huu umeziona mwenyewe, zimenyesha mara ngapi? Nilimshusha kwenye kigoda, nikamwambia asante mama, nikatoka nje nikasimama kwenye mvua mpaka nikalowa.

Tangu siku ile silali vizuri. Nikisema ukweli, mama mkwe wangu ataaibika mbele ya watu ambao amewatambia kila Jumapili kanisani kwamba Ulaya wanakula pilipili ya mikono yake, na ile kazi moja iliyomrudishia uso wake itakufa, na mimi pia, mkaguzi mzima, nitaonekana sijui kukagua hata jikoni kwangu. Nikinyamaza, Cansilde atatolewa kwa kosa ambalo si lake. Na Cansilde si mtu baki kwangu. Juzi amepita nyumbani na uso wake umevimba kwa kulia, akanipa samaki wa watoto kama anavyofanya siku zote, akasema, "Wewe Eliane najua hukuniangalia vibaya kama wale." Nilimpika yule samaki, watoto wakala, na sahani yangu nikawagawia wao.

Nimemwambia mume wangu kwa simu. Akasema, "Nyamaza. Mama yangu ameteseka vya kutosha, sitaki achekwe uzeeni. Cansilde ana samaki wake, hatakufa njaa." Byamungu si mtu mbaya, Mama Ishema, anampenda mama yake, lakini tangu aseme hivyo naona aibu hata kumjibu.

Nimefikiria niseme ni mimi niliyekausha kwa moto, ili nimfiche mama. Nimefikiria nimdanganye mama kwamba Wazungu hawataki tena pilipili, ili aache. Nimefikiria nitoe pilipili yangu kimyakimya na kumwacha Mungu amtetee Cansilde. Mkutano ni Alhamisi. Nisaidie, nifanye nini?

Wako,
Eliane, Nakivale

MAMA ISHEMA ANAJIBU

Eliane mwanangu,

Kaa chini, ufute machozi, halafu unisikilize, maana nitakukemea kabla sijakupa pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikimtafuta mtu mmoja na sikumwona. Umemwambia mumeo. Umeniambia mimi, mwanamke usiyenijua, niliyekaa Mbarara nakunywa chai. Mwenye moto hujamwambia. Umekaa na mama huyu kwenye mafiga mamoja, unakula ukoko aliokuwekea, na huku umeshaamua kwa niaba yake kwamba hawezi kusikia neno "moshi" akabaki mzima. Mtu aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni na mkwe mgonjwa mkononi! Unadhani ataanguka kwa ajili ya pilipili? Huko kumsitiri kwako kuna kitu cha kumdharau ndani yake, hata kama hukukusudia. Umemfanya mtoto. Na mume wako amemfanya mtoto zaidi, ila yeye nitakuachia wewe.

Pole sasa. Naona jinsi unavyompenda, na naona jinsi anavyokupenda. Alichokifanya alikifanya kwa upendo na kwa akili ya kwao, ambako kitu kikiwekwa juu ya moto hakiozi wala hakiliwi na wadudu. Hakumwibia mtu. Hakuna aibu pale mpaka ninyi muiweke.

Lakini wewe Eliane, tangu siku ulipomshusha kwenye kile kigoda, unajua. Na kila siku unayojua ukanyamaza, Cansilde anapita sokoni na watu wanamnyooshea kidole. Tena usinifiche lingine, umeliandika wewe mwenyewe kwa mkono wako: walimtazama yeye kwa sababu ya samaki, na kwa sababu ni Mrundi. Angekuwa ni wa Fizi mwenye samaki walewale, Elisée angeuliza maswali mawili matatu kwanza. Ukinyamaza unalisaidia hilo neno la yule mwanamke wa nyuma, na mnaishi kiwanja kwa kiwanja, mtazikana.

Sasa zile njia zako tatu. Ya kumdanganya mama kwamba Ulaya hawataki pilipili, itupe, ataijua Jumapili hiyohiyo. Ya kutoa pilipili yako kimyakimya ni woga, na Mungu umemwachia kazi ambayo amekupa wewe mdomo wa kuifanya. Ya kujisingizia mwenyewe ni uongo wenye sura nzuri, lakini fikiri: mnunuzi anataka moshi usirudi. Ukisema ni wewe, kila mtu ataamini jambo limekwisha, na mvua ijayo mama atapanda tena kwenye kigoda chake, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Mlifundishwa wote, unasema, na wewe ukafundishwa zaidi. Nani anabaki nyumbani wakati mnafundishwa? Mvua inaponyesha saa nane mchana na ninyi mko Base Camp mnapiga makofi, nani anakimbia uani? Ni mama mkwe. Ni bibi. Ni dada asiyeandikwa kwenye kikundi. Huyo ndiye mkaushaji wenu wa kweli, na hakuna aliyemwambia hata neno moja kuhusu wanachotaka Ubelgiji. Wewe mwenyewe unayelala naye nyumba moja hukumwambia! Unaweza kukagua magunia yote ya Nakivale, kama hukumfundisha mtu wa nyumbani kwako, hujafanya kazi.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Alhamisi.

Mtoe mama nje, mbali na jikoni, upande upepo unakotoka. Umpe konzi moja ya pilipili yako na konzi moja ya pilipili iliyokauka kwa jua peke yake, azima kwa jirani ukihitaji. Usimwambie kitu, mwache anuse. Akishanusa, mweleze yote, sampuli, maabara, na Cansilde. Usipunguze la Cansilde, hilo ndilo litakalomwamsha. Halafu umuulize yeye anataka kufanya nini. Ni mambo yake, ana haki ya kuyasema kwa mdomo wake. Akikataa, utasema wewe, kwa Constance na kwa mwenyekiti, kabla ya mkutano, kwa heshima na kwa ukweli wote.

Kabla ya kwenda mkutanoni, nenda kwa Cansilde. Mkutano haukuwapa watoto wako samaki. Utakapomwomba msamaha usimweleze sana jinsi ulivyoteseka, maana aliyeteseka ni yeye. Na akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize.

Pilipili yenye moshi itengeni, msiichanganye na nyingine hata punje. Ipelekeni soko la hapa Mbarara, mseme wazi kwamba ni ya moshi, wapo wanaoipenda kwenye nyama.

Kuhusu mvua, usimwambie mama tu "usiweke motoni" ukamwacha na mikono mitupu. Mwekeni paa la nailoni nyeupe juu ya kichanja, lenye pande za kushusha. Hiyo ni kazi ya fundi, na fundi unaye nyumbani Jumamosi. Mwambie Byamungu kwamba kama anamtakia mama yake heshima, aje na misumari.

Ishema

WASOMAJI WANGU

Majibu hayo nilimsomea Eliane kwa simu siku ileile, kwa sababu aliyoitaja, na barua yake nikaiweka. Sasa mambo yametulia, naye na mama mkwe wake wamekubali niichape, tena wameleta nyingine. Hii hapa.

Mpendwa Mama Ishema,

Nimefanya ulivyosema, na nakuandikia nikiwa nimechoka lakini naweza kula.

Nilimtoa mama nje nikampa zile konzi mbili. Alinusa ya kwanza, akanusa ya pili, akarudia ya kwanza. Akaniangalia. "Hii yangu inanuka jikoni," akasema. Nikamweleza kila kitu, mpaka nikafika kwenye habari ya Cansilde. Hapo akanikatiza.

"Bamemufukuza Cansilde? Juu ya moto yangu?"

"Bado, mama. Alhamisi watapiga kura."

"Na weye ulikuwa unajua tangu siku gani?"

Nikamwambia. Mama Ishema, hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Akaingia ndani, akatoka amefunga kitenge chake cha kanisa, akachukua fimbo akaanza kwenda. Nilitafuta viatu vyangu nikamkuta ameshapita kisima.

Cansilde alikuwa anaanua nguo. Mama alisimama pale nje, hakutaka kuketi, akasema, "Mwanangu, ule moshi ni ya kwangu mimi. Sikujua, lakini ni ya kwangu. Umebeba muzigo yangu, nimekuja kuichukua."

Cansilde alikuwa na nguo mkononi. Akamletea kiti, akamfuta jasho kwa ile nguo, akasema, "Wewe mama, nilikusamehe ulipokuwa bado unasema." Mimi nikasogea, nikafungua mdomo. Akainua mkono. "Wewe Eliane, ngoja. Wewe ulipokea samaki wangu na ulikuwa unajua." Nikasema ndiyo. Nikasema nisamehe. Akasema, "Nimesikia," akarudi kwenye kamba yake ya nguo.

Alhamisi tulikwenda wote watatu. Mama aliomba kusema kabla Elisée hajafungua mkutano, akawaambia habari ya kigoda na mafiga, mpaka jinsi alivyokuwa anaimba, na watu wengine wakacheka, na yeye akacheka nao. Halafu akaacha kucheka. Elisée alikuwa anataka kupita haraka kwenye jambo lingine, akasema basi, tumshukuru mama, ukurasa umefungwa. Mama akamwambia, "Mwenyekiti, mimi nimeomba musamaha yangu. Yako iko wapi?" Elisée akasimama, akamwambia Cansilde mbele ya watu wote kwamba alimhukumu bila kuuliza. Mwanamke wa nyuma yeye hakuomba msamaha, lakini siku ile hakukaa nyuma, alikwenda kukaa karibu na mlango na akatoka wa kwanza.

Constance alinisikiliza kwa simu kuhusu wale wanaobaki nyumbani, akauliza ni wangapi. Wiki iliyofuata alikuja akafanya mafunzo uani kwetu, wamekuja mabibi, wakwe, mpaka mzee mmoja kipofu anayelinda kichanja cha binti yake kwa kusikiliza mvua. Byamungu alileta nailoni na misumari. Hakuniambia kwamba alikosea, yeye hasemi hivyo, lakini alijenga paa la mama yake halafu akauliza kwa Cansilde ni wapi, akaenda kujenga la pili.

Sampuli ya pili imepita. Mnunuzi amechukua mzigo, mdogo kuliko tuliotarajia kwa sababu nusu tuliitenga, lakini ameandika kwamba atachukua na msimu ujao. Mama ndiye anayenusa magunia pamoja nami. Anataka anusie nje kwenye upepo, na ananiambia pua yangu bado ni ya jikoni.

Lakini Cansilde hajarudi kuwa kama zamani, Mama Ishema. Mkutanoni ananisalimia vizuri, ananipa mkono, mambo ya kazi tunazungumza. Nyumbani haji. Nimemwomba msamaha mara tatu, kila mara anasema nimesikia. Mama mkwe wangu ananiambia nivumilie. Nifanye nini zaidi?

Eliane

NA JIBU LA MWISHO

Eliane mwanangu,

Acha kumwomba msamaha. Ameusikia, amekwambia mara tatu. Kila unapouomba tena unamtaka akufariji, na hiyo si kazi yake sasa hivi.

Pilipili ya Cansilde imeiva wakati mmoja na yako, nami najua jinsi ile ndogo inavyochumwa, punje kwa punje, mgongo umepinda, na mjane ana mikono miwili tu. Kesho asubuhi mwachie mama vichanja vyako, anavijua kukuzidi. Chukua kikapu, nenda shambani kwa Cansilde, anza mstari wa pili yeye akiwa kwenye wa kwanza. Akizungumza, mjibu. Asipozungumza, chuma. Jua likiwa kali, mpe maji yako. Siku inayofuata nenda tena, na nyingine, mpaka shamba liishe.

Na usiguse macho yako hata yakikuwasha.

Ishema